Wimbo wa Kutia Vifungo

Kazi yake ya kwanza waliikataa kwa sababu ilikuwa tamu. Sitanii. Mtu amekaa chuo kikuu miaka, amejifunza kupanga sauti nne zisikanyagane, amechambua kazi za watu waliokufa zamani mpaka macho yakamwuma, halafu anatunga ya kwake, watahini wanaisikiliza, wanatazamana, mmoja anavua miwani na kusema, "Ni tamu. Lakini ni muziki wa kwaya tu. Hakuna fikra humu." Wakampa nafasi ya kurudia mara moja. Akishindwa tena anafunga virago, na shahada ataisikia kwa wenzake.

Nyumbani walimwita Kinanda. Jina alipewa na shangazi yake, siku ile ile alipotangaza anakwenda kusomea nini. Shangazi ni mwanamke wa maneno, ulimi wake haujapata kuwekwa breki. "Watoto wa wenzetu wanasomea udaktari na uhandisi," alisema, "wa kwetu anakwenda kusomea la-la-la. Tukiumwa atatuimbia." Watu wakacheka wakishika mbavu. Ambaye hakucheka ni baba yake, fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache. Alikata uzi kwa meno akasema, "Mwacheni mama asome anachokipenda." Ndivyo alivyozoea kumwita binti yake, mama, kama akina baba wengi wanavyowaita mabinti zao, na tangu mkewe afariki, neno lile alikuwa akilitamka polepole kidogo.

Basi huyo mke, mama yake Kinanda, alikuwa na wimbo. Kibanda chao cha ushonaji kilikuwa chumba kimoja chembamba, meza ya kukatia upande huu, cherehani upande ule, vitambaa vimerundikwa hadi dirishani. Baba alishona, mama alimalizia: pindo, vitundu, vifungo. Na kila alipokaa kutia vifungo aliimba kwa pua, mdomo umefumbwa, wimbo usio na neno hata moja. Hakuutoa mahali popote, hakumwimbia mtu. Ulianza chini, ukapanda kama mtu anayepanda ngazi amebeba kitu, ukasimama kidogo pale alipoivuta sindano, na mwishoni ulikatika ghafla, kwa kuwa hapo ndipo alipokata uzi. Halafu anachukua kifungo kingine, anaanza upya. Fundi alikuwa akisimamisha cherehani makusudi, anajifanya anatafuta mkasi, kumbe anasikiliza. Alipofariki mama, wimbo nao ukaondoka. Baba ana sauti ya bati linaloburuzwa, anajijua, hakujaribu. Kinanda kila akijaribu aliishia katikati.

Sasa, baada ya kukataliwa, Kinanda alirudi kwenye chumba cha mazoezi akakaa mbele ya piano, na hapo ndipo alipogundua balaa lililompata. Hakuweza kutunga. Kila sauti iliyomjia, kabla haijafika kwenye karatasi, akili ilikwisha kuichambua: hii inakwenda wapi, ile imekatazwa, hapa sauti mbili zinafuatana vibaya, hii keshaifanya fulani. Elimu ilikuwa imemfanya kama mpishi ambaye kila akitia tonge mdomoni anahesabu chumvi. Alikaa hivyo wiki baada ya wiki, karatasi nyeupe, na siku ya kukabidhi inakuja mbio. Wimbo mmoja tu ulikuwa kichwani mwake ambao hakuwahi kuuchambua, na huo haukuwa wake.

Akapanda basi akaenda nyumbani kuuomba. Ndiyo, kuuomba, maana kuna vitu huchukui tu kwa sababu unavijua.

"Baba, naomba wimbo wa mama."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. "Unataka kuufanya nini?"

"Niuandikie klaneti. Vyombo vingine viufuate kwa chini. Ndio mtihani wangu wa mwisho, baba, na nafasi nyingine sina."

Baba akachukua kipande cha kitambaa, akawa anakikunja na kukikunjua. "Nguo zake shangazi yako aligawa zote," akasema. "Picha tunayo moja, na humo hafanani. Alipo mama yako ni kwenye wimbo huo tu."

"Najua, baba."

"Sikukatazi. Lakini usiupinde. Nyie wasomi mna tabia, mkishika kitu lazima mkipinde ili ionekane mmefanya kazi. Kama utaupinda, mama, heri usiupeleke huko kabisa."

"Sitaupinda hata noti moja."

"Niapie."

Akaapa. Baba akakanyaga pedali, cherehani ikaanza kunguruma, na juu ya ile kelele akasema, "Siku hiyo nitakuja kuusikia." Mzee hajawahi kukanyaga chuo kikuu maishani mwake.

Hapa inabidi uniwie radhi kidogo nikueleze klaneti, maana bila kuielewa hutaelewa kilichomkuta mtoto wa watu. Klaneti ni chombo cha kupuliza kilichozaliwa hakisemi kweli. Ukiiandikia noti, inaishusha hatua moja. Karatasi inasema hivi, masikio yanasikia cha chini yake. Haitengenezeki, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo anayeiandikia anaipandishia hatua moja kwenye karatasi, ili ikishuka iangukie panapotakiwa. Kama mtu ambaye saa yake ya ukutani inachelewa, anaitanguliza. Kinanda aliyajua hayo tangu mwaka wa kwanza. Piano, fidla na selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, aliviandikia vyote kwenye ngazi ya F. Klaneti akaiandikia kwenye G, hatua moja juu yao, ili ikishuka ikutane na wenzake.

Kitu kimoja hakukiandika: maneno mawili matatu pembeni ya mstari wa klaneti, ya kumwambia msomaji kwamba noti hizi zimekwisha kupandishwa. Hayo maneno huandikwa na kila mtu, ni desturi, ni kama salamu. Yeye hakuyaandika kwa sababu mpiga klaneti alikuwa mwenzake wa darasani, na mwenzake alikuwa anajua. Huandiki mlangoni pako kwamba hapa ni kwako.

Walifanya mazoezi katika kile chumba, piano ina kitufe kimoja kinachonata, dirisha halifungi, na chumba cha jirani kuna kijana wa tarumbeta anarudia ngazi ile ile tangu asubuhi kama mtu aliyepotelewa na ufunguo. Wimbo ukatoka. Mwenzake alipopuliza ule mwisho wa kukata uzi, Kinanda alilazimika kutoka nje akasimame kwenye korido. Ulikuwa wenyewe. Hakuna kilichopindwa.

Msimamizi wake, ambaye wanafunzi walimwita Daktari tu, alikuja kusikiliza. Alikuwa mtu mwema, mwenye wasiwasi, amechoka. Idara yake ilikuwa na wanafunzi wachache kuliko viti, na kila aliyeshindwa alikuwa pigo kwake. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, "Ni nzuri sana. Ndiyo maana naogopa."

"Unaogopa nini, Daktari?"

"Watasema tamu. Mtahini wa nje mwaka huu namfahamu, hapendi vya kulainisha koo. Tia pilipili kidogo. Iache klaneti igombane na piano, hata mahali pawili tu."

"Siwezi. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Baba yangu."

Daktari akashusha pumzi. "Baba yako hayumo kwenye jopo," akasema, lakini kwa upole, na hakulirudia tena jambo hilo.

Siku ya mtihani ikafika, na tangu asubuhi mambo yakaenda mrama. Mwenzake wa klaneti aliamka shavu limevimba kama aliyeficha limau, jino. Mdomo haufungi, na klaneti haipulizwi kwa mdomo usiofungika. Alilia yeye kabla Kinanda hajalia. Lakini hakumwacha mikono mitupu, alimtafutia mtu: mzee mmoja wa bendi za harusi na ibada, anaitwa Mzee Pumzi, ambaye hakuna karatasi ya muziki iliyowahi kumshinda kwa kuiona mara ya kwanza. Sifa hizo zilikuwa za kweli, nakuhakikishia.

Mzee Pumzi alikuja akitweta, kwa sababu mchana alikuwa na harusi ya kuwahi. Ndani ukumbini watahini walikuwa wamekwisha kukaa. Akafungua sanduku lake, akaunga vipande vya klaneti, huku anatupia jicho karatasi.

"Umeandika kwa mkono wako, mjukuu?"

"Ndiyo, babu."

"Unatokea kwaya wewe?"

"Ndiko nilikoanzia."

Mzee akatabasamu. "Basi ondoa shaka. Nyie watu wa kwaya nawajua."

Kinanda akadhani anatiwa moyo, akashukuru. Angeuliza, anawajua vipi? Kuuliza si ujinga. Lakini jina lake lilikwisha kuitwa, na akili yake ilikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye benchi la mwisho, ambako baba yake alikuwa amekaa wima ndani ya koti alilojishonea mwenyewe, mikono juu ya magoti.

Piano ikaanza peke yake, anapiga mwanafunzi mwenzake, Kinanda amesimama pembeni. Fidla ikaingia, selo ikaingia chini yake, laini, kama walivyofanya mazoezi. Kisha klaneti.

Noti ya kwanza tu, Kinanda akajua. Ilikuwa juu, kwa hatua moja kamili.

Mzee Pumzi alikuwa amekula chumvi nyingi kwenye harusi na ibada za watu, na huko kote wanakwaya humkabidhi karatasi zile zile wanazoimbia, hawana habari kama klaneti inashusha. Mzee wa watu alikwisha kuchoka kuwaeleza. Akazoea kupandisha mwenyewe kichwani, papo hapo, kila akipewa karatasi ya mkono ya mwanakwaya. Na hii aliiona ya mkono, akaambiwa ni ya mwanakwaya, na pembeni hakuna neno la kumzuia. Akapandisha. Kilichokwisha kupandishwa kikapandishwa tena. Wema tu, hakuna ubaya wowote, na wema huo ndio uliomwangamiza.

Aliye kwenye fidla akatoa macho, lakini mkono haukusimama. Kanuni ilikuwa inajulikana: kazi ikikatizwa huhesabiwa haikukamilika. Mzee Pumzi mwenyewe alikunja uso, alisikia kuna jambo, lakini alishaambiwa kwamba wanafunzi wa chuo huandika vitu vya ajabu, na yeye ni mtu wa kazi. Akaendelea kupuliza. Na alipuliza vizuri, jamani, hilo ndilo linaloniuma hata mimi ninayesimulia. Alitia roho yake yote. Wimbo wa mama ulikuwa mzima, na pale pa kuvuta sindano alisimama, na mwishoni akakata kama mtu aliyekuwemo kibandani. Ila haukuwa umekaa na wenzake. Ulikuwa unapita juu yao, unawakwaruza, na wao wanaukwaruza, mwanzo hadi mwisho, kama watu wawili wanaoongea kwa wakati mmoja msibani.

Kinanda akageuka kumtazama baba yake. Mzee alikuwa ameutambua; alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi, uso umefunguka. Kinanda alimwona akisubiri. Alimwona anasubiri wimbo utulie mahali pake, akidhani labda ni mwanzo tu, wasomi wana mambo yao. Kisha akamwona anaacha kusubiri. Fundi akainamisha kichwa akawa anatazama viganja vyake, na hakukiinua tena mpaka kelele zilipokwisha.

Wapigaji wakaondoka kwa mlango wa nyuma, Mzee Pumzi mbele, anawahi harusi yake.  Halafu mtahini wa nje, mtu mwembamba mwenye macho makali, akaweka kalamu chini.

"Nimefuata karatasi yako mstari kwa mstari," alisema. "Piano, fidla na selo ziko F. Klaneti iko G. Na ndivyo nilivyosikia, hakuna ilipoteleza. Siku hizi wengi wetu tunaiandika klaneti kama tunavyotaka isikike, bila kuipandisha, na naona nawe umefanya hivyo. Kwa hiyo nataka kusikia kwako. Ulikusudia zigombane?"

Hapo ndipo lilipokuwa shimo. Karatasi na masikio vilikuwa vimekubaliana. Yale maneno machache ya pembeni, ambayo yangemwambia mtahini kwamba ile G ni F iliyotangulizwa, hayakuwepo. Kinanda alimtazama Daktari. Daktari alikuwa anajua. Alikuwa ameusikia ulivyo, kwa masikio yake, kwenye chumba cha mazoezi. Lakini alikuwa anatazama viatu vyake kwa makini sana, utadhani vimeandikwa kitu.

Akisema ni kosa, imekwisha. Kosa la kutoandika, kosa la kutomwandaa mpigaji, na chini ya makosa hayo kuna kazi ile ile tamu waliyokwisha kuikataa. Angerudi nyumbani kuwa kichekesho cha shangazi mpaka uzeeni. Akisema alikusudia, baba yake yuko pale nyuma, na mlango uko mbali, na ukumbi ule ulijengwa ili hata mnong'ono ufike benchi la mwisho.

"Ndiyo," alisema. "Nilikusudia."

"Tueleze basi."

Akaeleza. Loo, alieleza mtoto yule! Ile miaka yote ya nadharia na uchambuzi, ile iliyomziba asiweze kutunga, ikamfungukia wakati huo. Akasema wimbo ni wa mama yake marehemu, aliokuwa akiuimba akitia vifungo. Akasema vyombo vitatu ni nyumba iliyobaki, na klaneti ni marehemu anayerudi, anakuta maisha yamesogea hatua moja, hawezi kushuka na wenyewe hawawezi kupanda. Akasema angeweza kuuacha mahali pake, lakini hapo ungekuwa uongo, kwa sababu wafu hawarudi mahali pao. "Kwa hiyo niliuondoa mahali pake makusudi," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "ili usikutane na chochote." Mwenye miwani akawa anaandika haraka haraka. Mtahini wa nje hakuandika, alikuwa anamtazama tu, na macho yake yalikuwa yamelainika.

Na lililokuwa baya kuliko yote ni kwamba Kinanda, akiwa bado anazungumza, aliyaona maneno yake ni mazuri. Yalikuwa bora kuliko chochote alichowahi kufikiri. Waliitaka fikra, na fikra ilikuja, imebebwa na uongo.

"Hii sasa ina kitu ndani yake," alisema mwenye miwani. Wakamfaulisha pale pale, kwa sifa.

Nje kwenye korido Daktari alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera sana, mzee. Una mtoto mwenye akili." Hakumtazama Kinanda.

"Asante, mwalimu," fundi akajibu. Daktari akaondoka haraka, anadai ana kikao.

Wakabaki wawili, chini ya ubao wa matangazo uliojaa karatasi za zamani.

"Baba," alisema Kinanda, "ule haukuwa wenyewe. Ni makosa yametokea." Akamweleza yote: jino, Mzee Pumzi, klaneti inavyoshusha, hatua moja iliyozidi, maneno machache ambayo hakuyaandika. Alieleza harakaharaka, anarudi nyuma, anajikanyaga. Baba alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama anavyomsikiliza mteja asiyejua anataka mshono gani.

"Na yale uliyowaambia?"

"Niliyabuni pale pale. Wangenifukuza, baba."

"Pale pale?"

"Pale pale."

Fundi akatikisa kichwa. "Mimi nimekosea kukata nguo za watu mara nyingi. Najua mtu anavyosema akiwa amekosea. Anasema kama ulivyokuwa unasema sasa hivi, maneno yanagongana. Mle ndani hayakugongana. Mtu hawezi kueleza kosa vizuri vile."

"Nitakuletea yule mzee aliyepuliza, akwambie mwenyewe."

"Usimsumbue mzee wa watu. Kwani mimi sikuwepo?" Alikuwa hajapandisha sauti, na hakuwa amekasirika, laiti angekasirika. "Ulisema umemwondoa mahali pake makusudi. Ili asikutane na chochote. Ulisema mbele ya watu, nami nimekaa. Maneno kama hayo hata shangazi yako hana."

 Kinanda akamshika mkono wa koti, akamvuta kwenye korido, wakapita vyumba viwili vitatu vilivyofungwa, akasukuma mlango wa chumba cha mazoezi. Hakukuwa na mtu. Akakaa kwenye piano, hakuvuta hata kiti vizuri. "Sikiliza," alisema. "Sikiliza tu, baba. Ndivyo nilivyouandika."

Akapiga. Mkono wa kulia wimbo wa mama, mkono wa kushoto kile alichoweza kukusanya cha fidla na selo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakuna kilichokwaruzana. Wimbo ulianza chini, ukapanda, vile vingine vikaupokea bila kuusukuma, ukasimama pale pa kuvuta sindano, na ule ukimya ukawa ule ule wa kibandani. Kitufe kinachonata alikikwepa kwa kidole kingine. Hakuwa amewahi kupiga vizuri vile, wala sidhani kama alipiga tena. Mwishoni akakata.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea kizingiti, macho yamefumbwa, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyashughulikia. Kinanda akaona yale machozi akasema moyoni, imekwisha, ameelewa. Akasubiri.

"Ndio huo," fundi alisema baadaye. "Ndio wenyewe. Hata pale pa kukata uzi."

"Umeona, baba?"

"Nimeona." Akajifuta uso kwa kiganja, upande mmoja, kisha upande wa pili. "Kule ndani nilikuwa nimekaa najipa moyo. Nilikuwa nasema, labda mtoto ameusahau. Ni miaka mingi, alikuwa mdogo, mtu husahau. Sitamlaumu kwa kusahau. Kumbe unaujua wote, na bado ukauondoa mahali pake."

 Fundi akavuta koti lake likakaa sawa mabegani, akasema kuna nguo za watu zinamngoja, na akaomba aonyeshwe pa kutokea, maana korido za pale zilikuwa zinamchanganya. Kinanda akampeleka mpaka getini. Basi lilikawia kidogo, wakalisubiri wamesimama pamoja, na lilipokuja mzee akapanda.